Kabla ya kuiendesha Excel kwa Python, zalisha stabu zake

Kama unaandika skripti za Python za kuiendesha Excel kwenye Windows, anza na stabu. Hii ndiyo kazi inayonilisha: ripoti za mwisho wa mwezi za vyama vya akiba na mikopo na maduka ya jumla, ambao mahesabu yao yote yamo kwenye Excel na hawana mpango wa kuyahamisha. Skripti kama hiyo ikikosea, anayeumia ni mwanachama aliyeandikiwa salio lisilo lake.

Stabu ni faili la Python ambalo huliandiki wewe. Excel, Word, Outlook na programu nyingine zinazokubali kuamriwa kutoka nje huja na orodha rasmi ya klasi, mbinu na sifa zao. Ndani ya pywin32, maktaba ya Mark Hammond inayoiwezesha Python kuamuru programu za Windows, kuna zana iitwayo makepy inayoisoma orodha hiyo na kuigeuza kuwa klasi za Python. Huhitaji hata kuiita kwa jina. Mistari hii inatosha:

`from win32com.client import gencache, constants`
`xl = gencache.EnsureDispatch("Excel.Application")`

Mara ya kwanza itachukua muda kidogo kwa sababu faili linaandikwa. Baada ya hapo linasomwa tu.

Faida ya kwanza ni namba zenye majina. Bila stabu, kutafuta mstari wa mwisho wenye data kunakulazimisha uandike `End(-4162)`, na atakayerithi kazi yako hatajua namba hiyo imetoka wapi. Ukiwa na stabu unaandika `End(constants.xlUp)`, na anayesoma anaelewa. Faida ya pili ni kwamba unaweza kulifungua faili lenyewe ukasoma. Ukitaka kujua `ExportAsFixedFormat` inapokea nini na kwa mpangilio gani, itafute humo: aina ya faili kwanza, kisha jina, kisha ubora, na kuendelea. Mimi hulisoma kabla ya kwenda kutafuta majibu mtandaoni, kwa kuwa linaeleza Excel iliyopo kwenye kompyuta ile ile niliyokaa mbele yake.

Sasa sehemu inayohitaji uangalifu. Bila stabu, Python huiuliza Excel kila jina wakati skripti inakimbia, na Excel haijali herufi kubwa wala ndogo. `ws.cells` itafanya kazi sawa na `ws.Cells`. Ukishakuwa na stabu, ni `Cells` tu. Hilo si tatizo kubwa, maana kosa linajitokeza hapo hapo ukaliona.

Tatizo kubwa ni `Offset`. Kutoka seli B2, `Offset(1, 0)` inatakiwa ikupeleke B3. Ukiwa na stabu inakupeleka A2, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Sababu yake ni kwamba vigezo vyote vya `Offset` ni vya hiari, kwa hiyo makepy huichukulia kama sifa ya kawaida isiyopokea kitu. Python inaisoma kwanza na kupata B2 yenyewe, kisha mabano yako yanaeleweka kama ombi la seli iliyo mstari wa 1, safu ya 0, ukihesabu kuanzia B2. Mstari wa 1 ni huo huo wa B2, na safu ya 0 ni ile ya kushoto kwake. Kiasi cha fedha kinaandikwa juu ya jina la mtu. Andika `GetOffset(1, 0)`, na kwa `Resize`, yenye tatizo hilo hilo, andika `GetResize`.

Ukiunganisha hilo na tabia ya `Dispatch`, ndipo utaona kwa nini nasisitiza. `win32com.client.Dispatch`, ambayo mifano mingi huitumia kuifungua Excel, hutazama kwanza kama stabu za Excel zimeshazalishwa kwenye kompyuta hiyo. Zikiwepo, inazitumia kimyakimya. Zisipokuwepo, inaendelea bila hizo. Skripti moja, kompyuta mbili, matokeo mawili, na tofauti yao ni folda ambayo mteja hajawahi kuisikia. Kwa hiyo tangaza msimamo wako ndani ya skripti: `EnsureDispatch` kama unataka stabu, `win32com.client.dynamic.Dispatch` kama huzitaki. Usiiachie kompyuta iamue.

Folda yenyewe inaitwa `gen_py`, na mara nyingi imo ndani ya folda ya mafaili ya muda. Wakati mwingine yaliyomo huharibika au kufutwa nusu, na utakutana na malalamiko yanayotaja `CLSIDToClassMap`. Funga Python, futa `gen_py` yote, endesha tena. Hupotezi chochote, zitazalishwa upya. Wala usizinakili kutoka kompyuta yako kwenda ya mteja: orodha ya Excel 2010 ni toleo 1.7, ya 2013 ni 1.8, ya 2016 ni 1.9. Ziache kila mashine izalishe za kwake.

Wenye Mac wana njia yao ya kuzalisha faili la aina hii. Tangu Scripting Bridge, daraja la Apple la kuamuru programu nyingine, ilipokuja na Leopard (Mac OS X 10.5) mwaka 2007, amri ya `sdef` hutoa kamusi ya programu na `sdp` huigeuza kuwa faili la vichwa la Objective-C, lugha ya kuandikia programu za Mac:

`sdef /System/Applications/Mail.app | sdp -fh --basename Mail`

Ukirithi skripti ya zamani ya Windows iliyoandikwa kwa `Dispatch`, usibadilishe yote kwa siku moja. Kwanza ifanye itumie `dynamic.Dispatch` ili ifanye kazi vilevile kila mahali. Kisha tafuta kila `Offset`, kila `Resize`, na kila jina lililoanza kwa herufi ndogo. Rekebisha kwenye nakala inayotumia `EnsureDispatch`, iendeshe kwa data ya mwezi uliokwisha fungwa, na ulinganishe seli kwa seli na ripoti iliyokwisha sainiwa. Zikilingana, nakala hiyo ichukue nafasi ya skripti ya zamani.