Ticha, mtoto anahesabu mpaka hamsini lakini maharagwe saba yanamshinda

Maswali ya wazazi na walezi wa watoto wa chekechea. Majibu ni ya mwalimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hapa Nakuru.

Ticha habari. Kijana wangu ana miaka minne na nusu, yuko PP1 hapa Kaptembwa. Anahesabu wan tu thri mpaka hamsini bila kukwama, hata wageni wakija tunamwambia ahesabu wanampigia makofi. Sasa juzi nilikuwa nachambua maharagwe nikamwekea saba mezani nikamuuliza ni ngapi akasema tisa, nikamwambia rudia akasema kumi na moja. Kwani hio hamsini alikuwa anahesabu nini? – Mama Junior, Kaptembwa

Mama Junior, alikuwa anaimba. Na kuimba si vibaya, lazima mtoto ajue majina ya namba na vile yanafuatana kabla hajayatumia, ila wazazi wengi tunapiga makofi hapo alafu tunadhani kazi imeisha. Kuhesabu vitu ni kazi ingine kabisa. Mdomo na kidole lazima viende pamoja, kila haragwe lipewe namba moja na moja tu, na akumbuke ni gani ameshagusa na gani bado. Kijana wako mdomo unakimbia kidole kimebaki nyuma, ndio saba inakuwa tisa na mara ya pili inakuwa kumi na moja.

Alafu kuna kitu ya tatu ambayo ndio ngumu zaidi, kujua kwamba namba ya mwisho aliyotaja ndio jibu. Jaribu leo jioni: mpe vizibo vinne ahesabu polepole, akimaliza tu muulize "kwa hivyo viko vingapi?" Akianza tena moja, mbili, tatu badala ya kukuambia vinne, basi hajafika hapo. Usishtuke, wengi wa umri wake hawajafika.

Mchezo wenyewe ni huu. Chukua trei ya mayai ile ya karatasi, kata ubaki na mashimo kumi, matano juu matano chini. Vizibo vya soda utapata kwa kibanda yoyote, omba tu. Kila shimo kizibo kimoja, na namba anaitaja wakati kizibo kinaingia, sio kabla sio baadaye. Shimo likishajaa hawezi kulihesabu mara mbili, kwa hivyo trei yenyewe inamsahihisha na wewe huna haja ya kupiga kelele. Na kwa vile ni tano tano, baada ya muda utaona ameanza kusema saba bila kuhesabu, anaona mstari mmoja umejaa na mbili zimekaa chini. Hapo geuza: "niletee vitatu", "niletee vitano". Kuleta ni ngumu kuliko kuhesabu kitu iko mbele yake juu lazima ajue mahali pa kusimama, mara ya kwanza atakuletea konzi nzima. Hesabuni pamoja mkirudisha zilizozidi. Na wakati wa chai mtume vikombe, mko watano nyumbani alete vya kutosha kila mtu, kikipungua kimoja ataambiwa na yule amekosa.

Akizoea trei, chora kwa chaki au makaa hapo sakafuni masanduku kumi kwa mstari mmoja ulionyooka, andika 1 mpaka 10. Rusha shilingi, upande mmoja ni hatua moja, upande wa pili ni hatua mbili. Mchezo kama huu ndio watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler walichezesha watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini kule Marekani, matokeo wakayachapisha 2008. Vilikuwa vipindi vinne tu vya kama dakika 15 au 20 hivi, ndani ya wiki mbili, na wale waliocheza kwa namba walipanda kwa kujua namba kuliko wenzao waliocheza mchezo uleule kwa rangi. Lakini kuna sheria moja usiiachilie: akiwa kwa 4 apate hatua mbili, aseme "tano, sita", asiseme "moja, mbili". Akisema moja mbili anaruka tu, hata haangalii ameandikiwa nini pale chini.

Japuonj, msichana wangu ako PP2, mwaka ujao ni Gredi 1. Alfabeti anaimba yote. Nikimwandikia MAMA anasema em, ei, em, ei, nikimuuliza sasa hio inasema nini, anasema "maziwa". Mama yake anataka tumtafutie tuisheni. – Baba wa Nyalenda, Kisumu

Pesa ya tuisheni weka kwanza. Na hio "maziwa" uliicheka? Mimi ingenifurahisha, manake maziwa inaanza na ma. Kuna kitu ameshika hapo, sema hajapewa njia ya kumalizia.

Shida iko kwa majina ya herufi. Unganisha em, ei, em, ei vile unataka, haraka au polepole, haiwezi toa mama. Mtoto anahitaji sauti, mmm na aaa, na bahati yetu kwa Kiswahili hizo a e i o u kila moja ina sauti moja, haibadiliki ukienda neno lingine. Alfabeti ya kuimba haipotei, itamfaa baadaye akitafuta neno kwa kamusi. Kusoma kunaanzia kwa sikio, kwa hivyo wiki ya kwanza hata usiguse karatasi. Mkitembea kwenda stejini mwambie "naona kitu inaanza na ma", yeye atafute: mama, maji, mahindi, matatu. Geuzeni zamu, mwache na yeye akusumbue. Pigeni makofi kwa silabi za majina ya watu wa nyumbani, nani ana makofi mengi. Alafu kuna ule mchezo wa mkia, wewe unasema neno na yeye anachukua silabi ya mwisho aanze nayo lingine: embe, mbegu, gunia, akili, likizo. Akikwama msaidie, akileta neno la Dholuo likubali, sikio ni lile lile.

Ndio sasa mlete vizibo. Andika kwa makapeni, ndani ya kila kizibo silabi moja: ma, ka, ta, ba, la. Tengeneza viwili viwili vya kila moja. Panga KA na KA, msome kaka. Mwambie afumbe macho, toa kizibo cha pili uweke TA, afungue: sasa imekuwa nini? Kata. Toa cha kwanza weka BA, imekuwa bata. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba ukibadilisha kipande kimoja neno zima linageuka, na hapo ndio kusoma kunaanza kueleweka. Kwa hizo silabi tano tu unapata mama, baba, kaka, kata, bata, taka, kama, lala. Na mwache apange upuzi pia, akitengeneza "lamata" aisome kwa nguvu mcheke wote, neno ambalo halina maana hawezi kulikisia, akilisoma ujue amesoma kweli. Dakika kumi zinatosha, acha kabla hajachoka ndio kesho aitishe mwenyewe. Ng'ombe na mbwa wangoje, hizo herufi za kubebana zinakuja baadaye.

Na mkiwa Kondele mnangoja gari mpe kazi ya kutafuta herufi za jina lake kwa nambari za magari. KDA, KCM, hapo kuna kazi ya nusu saa bure.

Mwalimu mwanangu, naandikiwa na jirani. Niko huku Mumias na wajukuu wawili, mmoja miaka minne mwingine sita. Mimi niliacha shule darasa la tatu, Kizungu sijui. Wazazi wao wako Nairobi wanasema nisiongee na hao watoto Kiluhya ati watachanganyikiwa shuleni. Mimi naeza wafundisha nini kweli? – Kukhu, Mumias

Kukhu, mulembe. Ongea nao Kiluhya, na ongea sana. Hata sera ya elimu ya Kenya inasema kuanzia chekechea mpaka Gredi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, wanaosahau ni sisi wa mjini. Mtoto mwenye maneno mengi kichwani, ya lugha yoyote, akikutana na kitabu ana kitu ya kushikilia. Mtegee vitendawili, msimulie hadithi alafu kesho mwambie yeye ndio akusimulie, na mahali amekosea mpangilio muulize "si fisi alikuwa ameshaondoka?"

Hesabu nayo unayo shambani. Wakati wa kupanda mpe yule wa sita kopo la mbegu, shimo moja mahindi mawili, shimo lingine mawili, mwisho wa mstari muulize tumetumia ngapi. Yule mdogo mwachie njugu. Kabla ya kubambua aseme hilo ganda lina njugu ngapi ndani, afungue aone, maganda yaliyokuwa na moja aweke huku, yenye mbili huku, yenye tatu huku, kila aina kwa mstari wake. Mkimaliza waangalie mstari gani ni mrefu na kwa nini. Hio ndio hesabu ya kuweka kwa makundi na kulinganisha ambayo sisi shuleni tunanunulia vifaa vya plastiki. Tena ukikaa hapo uwe macho Kukhu, njugu na maharagwe zinapenda kuingia puani na kooni, na kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu hapo karibu usimwachie kabisa.

Kuhusu kusoma, wao ndio wakusomee. Mpe mkubwa pakiti ya sukari au kitabu cha nyimbo akuonyeshe neno moja analojua, muulize umejuaje.

Ticha mimi nauza nyanya Kibuye, msichana wangu yuko Gredi 1 na Jumamosi nakaa naye hapo. Nikimwekea sarafu moja ya shilingi kumi na sarafu tano za shilingi moja moja achague, anachagua zile tano ati ndio nyingi. Wateja wanacheka. – Mama Nyanya

Amehesabu sawa, zile ni tano na hio ni moja! Pesa ni ngumu kwa mtoto juu kitu kimoja kinasimama badala ya vingi. Anza na mafungu yako. Mwache apange nyanya nne nne, alafu muulize mafungu matatu ni nyanya ngapi, ahesabu moja moja kwanza, baadaye ataruka nne, nane, kumi na mbili. Akishaona fungu moja ni nyanya nne, kuelewa kwamba sarafu moja ni shilingi kumi hakutamtisha. Sarafu zilizotoka 2018 zina wanyama, twiga ni 1, kifaru 5, simba 10, ndovu 20, kwa hivyo chezeni kubadilishana: twiga watano wananunua kifaru, vifaru wawili wananunua simba. Nimeona watoto wanashika hio haraka kuliko maelezo yangu yote ya ubaoni. Pesa ya mteja usimwachie bado lakini.

Shule ya praiveti huku Lanet inampa mtoto wa PP1 homuweki ya kurasa mbili, andika 1 mpaka 50. Analia kila jioni. Nifanye nini? – Nimechoka

Nenda uongee na mwalimu, pole pole, na usishangae akikuambia wazazi wenyewe ndio wanataka kuona vitabu vimejaa. Kwa mtaala wetu hesabu za chekechea zinaanza na kupanga vitu kwa aina, kuoanisha, kufuatanisha na kutengeneza mapambo yanayojirudia, ndio kuandika namba kufuate. Vidole vya miaka minne havijakomaa kwa penseli ya kurasa mbili. Vifanyie kazi kwa njia ingine: abane soksi kwa kamba na vibanio, achambue mrenda, akande unga atengeneze 3 ya kuliwa. Omba homuweki iwe ya kuleta vitu vitano vya duara kutoka nyumbani, walimu wengi wakiombwa hivyo wanakubali.

Mtoto wangu wa miaka mitano anaandika 3 ikiangalia nyuma, na b na d anachanganya. Ni ugonjwa? – Bungoma

Hapana. Kikombe ukikigeuza bado ni kikombe, herufi ndio peke yake zinabadilika jina zikigeuka, na kichwa kinachukua muda kuzoea. Mpaka miaka saba hivi ni kawaida. Mchoree 3 kubwa mchangani aitembee kwa miguu kuanzia juu, kila mara kuanzia juu. Akipita umri huo na kusoma bado kunamsumbua, hapo mpeleke aangaliwe macho na masikio kwanza.

Kuna michezo ya simu ya ABC na namba, nimwekee? – Baba Twins, Section 58

Weka, lakini kaa naye. Nyingi ukibonyeza vibaya mara tatu simu inakupa jibu yenyewe na inakupigia makofi, na mtoto ni mjanja, atabonyeza vibaya mara tatu makusudi. Chagua ile inataja sauti ya herufi, sio jina tu, na ukiona ina matangazo kila dakika futa. Na ikishafika saa ya kulala hio simu ni yako, mapacha wawili na simu moja mimi siwezi kukusaidia.