Kufadhili na kukopesha: wenye benki wa Firenze

Msomaji anayeandika makala kuhusu wenye benki wa Italia anauliza mambo mawili. Je, ni sawa kusema kwamba familia za Bardi na Peruzzi za Firenze "zilimfadhili" Mfalme Edward III wa Uingereza katika vita vyake na Ufaransa? Na je, Tommaso Portinari, aliyesimamia tawi la benki ya familia ya Medici ya Firenze mjini Bruges (Ubelgiji ya leo), aitwe "meneja"?

La kwanza si sawa, na ningemsihi alifute. Anayefadhili hutoa kwa hisani, bila kudai alipwe. Najua magazeti siku hizi huita hata mkopo wa benki "ufadhili", lakini mazoea hayo humficha msomaji jambo la msingi, kwamba kuna deni. Bardi na Peruzzi walimkopesha mfalme wakitarajia faida, ikiwemo ruhusa ya kusafirisha sufu ya Uingereza na haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Mfalme aliposhindwa kulipa, hasara hiyo ilichangia kuziangusha kampuni zao, Peruzzi mwaka 1343 na Bardi mwaka 1346. Ukiandika "walimfadhili", anguko hilo halieleweki, kwa sababu mfadhili hafilisiwi na mtu asiyemdai. Andika "walimkopesha" au, ukitaka kutaja vita, "walimkopesha fedha za kugharimia vita".

Hata hivyo, neno "mfadhili" lina mahali pake katika makala hiyo hiyo. Cosimo de' Medici, mkuu wa benki ya Medici, alipogharimia ujenzi mpya wa monasteri ya San Marco mjini Firenze, hakuwadai watawa, na hapo alikuwa mfadhili kwa maana kamili. Basi mtu huyo huyo ataitwa mkopeshaji katika aya moja na mfadhili katika nyingine, kulingana na tendo linalosimuliwa.

Kuhusu Portinari, "meneja" halikosei, ila linapunguza. Benki ya Medici, iliyoanzishwa na Giovanni di Bicci, baba yake Cosimo, mwaka 1397, iliendesha matawi yake mengi kwa ubia: msimamizi wa tawi aliweka sehemu ya mtaji na kugawiwa faida. Kwa hiyo Portinari, aliyemkopesha mtawala Charles wa Burgundy kupita kiasi, hakuhatarisha mali ya tajiri wake tu, bali na yake mwenyewe. Mwite "mbia msimamizi", na Lorenzo de' Medici, mjukuu wa Cosimo, mwite mbia mkuu.