Ruta, alama na foleni: kwa anayeanza kazi

Siku mbili nzima nilizimalizia kwenye ruta ya MikroTik ya hosteli moja. Kila jioni wanafunzi wakianza kupakua filamu, simu ya ofisini inayopita kwenye intaneti inakoroma. Nikaandika sheria kumi na moja za Mangle, sehemu ya ruta inayotia alama data inayopita, nikajenga Queue Tree, yaani foleni zinazogawa kasi kwa kufuata alama hizo, simu nikaipa kipaumbele cha 1, cha juu kabisa. Wapi!

Kaunta za sheria hizo, zinazohesabu data iliyopita, ndizo zilizonifumbua macho. Kila muunganisho mpya ulipoanza zilisogea kidogo, kisha zikaganda. Ilikuwa FastTrack, sheria inayokuja na ruta tangu kiwandani: pakiti (vipande vya data) za muunganisho uliokwisha kukubaliwa zinapitishwa njia ya mkato, haziioni Mangle kabisa. Basi, kabla hujaandika sheria hata moja, kaitazame hiyo. Ukiizima, chungulia mzigo wa CPU pia, maana ruta ndogo huhema.

Sheria zangu kumi na moja nazo zilikuwa nyingi bure. Tia alama muunganisho mpya kwanza, passthrough ikiwa yes, yaani pakiti iendelee na sheria zinazofuata. Halafu tia alama pakiti kwa kufuata alama ya muunganisho, passthrough ikiwa no, yaani iishie hapo. Ruta haitahangaika kuchunguza kila pakiti upya.

Sasa foleni, ambako wengi hukwama. Kama laini ni ya megabiti 20 nawe umeandika max-limit (kasi ya juu ya foleni) ya 20, au umeiacha wazi, msongamano hautatokea kwako. Utatokea kwenye vifaa vya mtoa huduma, na yeye alama zako hazioni. Ilete foleni nyumbani: anza na 18, tena baada ya kupima kasi saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko hewani, si saa nne asubuhi. Bila max-limit ya foleni mama, ile inayobeba foleni nyingine, kipaumbele ni pambo. Nacho husomwa kwenye foleni za mwisho tu, zisizo na watoto. Simu haihitaji mengi: moja ya G.711, mfumo wa kawaida wa kusimba sauti, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo limit-at (kasi ambayo foleni imehakikishiwa) ya megabiti 1 inatosha simu kumi.

Usichanganye alama hizi na DSCP, namba inayoonyesha aina ya huduma ambayo pakiti inastahili. Alama ya Mangle hufia ndani ya ruta. DSCP husafiri kwenye kichwa cha pakiti, na ile ya sauti kwa kawaida ni 46. Lakini usiiamini DSCP inayotoka kwenye kompyuta ya kila mtu. Mjanja mmoja akijipa 46, torrent yake (upakuaji wa mafaili makubwa) itapanga foleni moja na simu.

Nilipomaliza nikaacha ping, kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi, inakimbia huku vijana watatu wakipakua kwa makusudi. Kutoka milisekunde 400 ikashuka hadi 50 hivi. Kesho yake mlinzi akaniuliza kama tumenunua simu mpya.