Simu Yangu na Dozi Mbili za Vidonda vya Tumbo

Mara ya kwanza nilipoandikiwa dawa za vidonda vya tumbo nilizimeza kwa siku sita, maumivu yakatulia, nami nikaziweka zilizobaki kabatini nikiamini kwamba nimepona. Haikupita miezi mingi kabla ya moto ule wa chembe cha moyo kurudi na kuniamsha usiku wa manane. Daktari alinibadilishia mchanganyiko wa dawa, akieleza kuwa bakteria walionusurika dozi iliyokatizwa huweza kuwa sugu, kisha akaniuliza swali nisilolitarajia: simu yako unaitumia kwa kazi gani? Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na majuma yaliyofuata swali hilo.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren, watafiti wa Australia waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kuwa mhusika mkuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, na hapa ndipo simu iliponisaidia kwanza. Muuguzi niliyekabidhiwa, ambaye alipokea simu za wagonjwa wanaoishi mbali, aliniambia nitandaze kitandani kila dawa iliyokuwamo nyumbani, nipige picha moja na kumtumia. Pembeni kabisa mwa picha aliona vidonge vya diklofenaki nilivyokuwa nikimeza kwa ajili ya mgongo, ambavyo sikuwahi kumtajia daktari kwa sababu sikudhani mgongo una habari na tumbo. Nakushauri upige picha kama hiyo kabla ya kuonana na mhudumu yeyote, kwa kuwa kumbukumbu ya mgonjwa huchagua.

Dozi yangu ya pili ilikuwa ya siku 14. Niliweka kengele mbili asubuhi na mbili jioni: ya kwanza ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nusu saa kabla ya chakula, na ya pili ya antibayotiki, wakati wa kula. Kwa kazi hii intaneti haihitajiki; simu ndogo ya batani inatosha. Siku ya nne metronidazoli, mojawapo ya antibayotiki hizo, ilinijaza ladha ya chuma mdomoni pamoja na kichefuchefu, na hapo ndipo wengi wetu huacha. Safari hii nilimpigia muuguzi kabla ya kuamua lolote, naye akaniambia kuwa hayo ni madhara yanayojulikana, nimeze dawa pamoja na chakula na nisiguse pombe mpaka siku kadhaa baada ya kumaliza. Mazungumzo hayo hayakufika dakika tatu, lakini bila hayo nisingeimaliza dozi.

Simu hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo njia ya wauzaji wa dawa za kienyeji na za viwandani wanaoahidi kuponya vidonda kwa siku chache. Mmoja alinitumia bei kabla hata ya salamu. Hakuuliza umri wangu, dawa ninazotumia wala kama nimewahi kutapika damu. Kwangu mimi, asiyeuliza maswali hayo hatoi matibabu, anauza tu.

Yapo pia mambo yasiyosubiri mazungumzo. Ukitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, ukipata choo cheusi chenye kunata kama lami, ukizimia au tumbo likikuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, itumie simu kuita usafiri uende hospitali mara moja. (Bismathi, dawa nyingine ya tumbo, na vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo utakapofika taja kwamba unavitumia, usijipe moyo navyo ukabaki nyumbani.) Anayepungua uzito bila sababu au anayepata shida ya kumeza naye anahitaji kuonwa ana kwa ana, pengine kwa kipimo cha kamera ya tumboni, ambacho hakifanyiki kwa simu.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kipimo cha kuhakikisha kwamba bakteria wameisha. Hufanywa kwa choo au kwa pumzi, angalau majuma manne baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli husimamishwa majuma mawili kabla yake kwa maelekezo ya daktari, la sivyo jibu laweza kudanganya. Kipimo cha damu cha kingamwili hakifai hapa, kwa sababu chaweza kuendelea kuonyesha maambukizi hata kwa mtu aliyekwisha kupona. Niliingiza tarehe zote mbili katika kalenda ya simu siku ileile niliyomeza kidonge cha mwisho, maana najijua. Kengele ya kipimo ilipolia sikuwa na maumivu yoyote, na kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuizima nilipokumbuka vile vidonge vya kabatini.