Maswali Yenu: Kujifunza kunyoosha bodi, nusu kwenye simu, nusu karakana

SWALI: Nina miaka 22, ni msaidizi kwenye gereji ya bodi. Kuna chuo kinatangaza kozi ya kutengeneza magari yaliyogongwa: nadharia miezi minne kwa simu, halafu wiki sita za vitendo. Mafundi wenzangu wanasema bodi haisomwi kwenye simu. Nijiunge au nitatupa hela? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Inategemea hizo wiki sita. Miezi minne ya simu isikutishe, maana kuna mambo ambayo simu huyafundisha vizuri kuliko gereji nyingi za mjini: nguvu ya ajali inavyosafiri kutoka bampa hadi nguzo ya mlango, aina za chuma kilichomo kwenye bodi, kusoma chati ya vipimo, kukadiria gharama. Gari kama IST halina chesesi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba injini na miguu. Likigongwa taa ya kulia, upande wa kushoto nao unaweza kuwa umevutwa bila jicho kuona.

Hapo ndipo nadharia inapolipa. Mafundi wengi hufunga boneti, wakiona nafasi zimelingana wanaita kazi imekwisha. Unatakiwa kupima kwa mshazari: chagua tundu za bolti zinazofanana kulia na kushoto kwenye boksi la injini, pima kona kwa kona, kisha kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 3, bodi bado imepinda. Lakini usiishie hapo. Bodi iliyosukumwa nyuma sawasawa pande zote mbili itakupa mishazari inayolingana huku urefu umepungua, kwa hiyo pima na urefu, ulinganishe na chati ya kiwanda.

Jambo jingine la kusoma kabla ya kushika gesi: nguzo za milango na mihimili ya magari ya miaka ya karibuni zina chuma cha nguvu ya juu. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu kinanyooka kirahisi, na ugumu wake unaondoka palepale. Kwa macho nguzo ni nzima. Siku ya ajali ya pili itajikunja kumwelekea abiria. Na kabla ya kuchomelea chochote, chomoa waya hasi wa betri. Miongozo ya Toyota inataka usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa mfumo wa mifuko ya hewa.

Mkono ndio usiofundishwa na video. Marekani kuna taasisi iitwayo I-CAR, iliyoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya mafunzo ya kazi hii hasa. Nadharia yake nyingi husomwa mtandaoni, ila uchomeleaji hupimwa kwa vitendo: mwanafunzi anachomelea, kisha kiungo kinararuliwa. Hicho ndicho kipimo cha kukiulizia chuo chako. Nenda karakana, usipige simu tu. Uliza wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja ya MIG (ile ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe), kila mmoja anachomelea vipande vingapi, na je, mwalimu anavirarua? Wakikuambia mwanafunzi anatuma video ya kazi yake na kupewa alama, okoa ada yako. Video inaonyesha sura ya kiungo, haionyeshi kama moto umeingia mpaka bati la chini.

Jaribio lenyewe unaweza kulianza hapo gereji ukiwa na msimamizi. Chukua vipande viwili vya bati la bodi la milimita 0.8 hadi 1. Toboa cha juu tundu la milimita 8, kwangua rangi na kutu pande zote zinazokutana, vibane visiache mwanya. Tumia waya wa milimita 0.6 au 0.8, anza moto kwenye kipande cha chini, uzungushe mpaka tundu lijae. Kikipoa, rarua kwa patasi na koleo. Kiungo kizuri hung'oa nyama ya bati la chini na kuacha tundu. Kikibanduka kikiwa kisafi, moto haukuingia: ama umeme ulikuwa mdogo, ama rangi haikutoka, ama kulikuwa na mwanya.

SWALI: Nafuata masomo ya rangi ya mtandaoni hatua kwa hatua. Bado boneti na milango inatoa malengelenge baada ya miezi miwili mitatu. Gereji yetu iko karibu na ziwa. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Kosa ni maji, na yana njia tatu za kuingia. Tumbua lengelenge moja kwa wembe uone limeishia wapi. Likifika kwenye bati na kuna kutu, maji yaliingia chini ya puti (ule uji mzito wa kujazia mabonyeo) au kwenye puti lenyewe. Likiishia kati ya praima (rangi ya msingi) na rangi, shuku kompresa au umande.

Puti lina unga wa talki, nao hunywa maji. Ukilipiga msasa wa maji, unayafungia ndani, na jua la saa nane likipasha boneti yanatafuta pa kutokea. Puti lipigwe msasa mkavu: namba 80 kutoa umbo, 180 kulainisha. Msasa wa maji subiri praima ikauke, ndipo namba 600 iingie. Unene wa puti baada ya msasa usizidi milimita 3. Bonyeo likihitaji zaidi, rudi kwenye nyundo. Hadina, yaani dawa ya kugandisha puti, ni asilimia 2 kwa uzito, yaani gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Wengi wanazidisha ili likauke haraka, halafu wanashangaa doa la njano likipanda juu ya rangi nyeupe.

Njia ya pili ni kompresa. Hewa ikibanwa hupata joto, ikipoa kwenye bomba inaacha maji. Fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi, na tena mchana siku ya kazi nyingi. Chujio la maji lisifungwe kwenye mdomo wa kompresa, ambako hewa bado ni ya moto na mvuke unapita tu; liweke mita kadhaa mbele, karibu na bunduki ya rangi.

Njia ya tatu ndiyo inayowaumiza mafundi wa ufukweni, na video nyingi haziisemi kwa sababu zimepigwa ndani ya chumba maalumu cha rangi. Bati linatakiwa liwe na joto lililozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Asubuhi yenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 85, umande unaanza kwenye nyuzi 21 hivi. Gari lililolala nje na bati lake likiwa nyuzi 20 linatoka jasho, hata kama kiganja chako hakilihisi. Nunua kipimo cha joto na unyevu, ingiza gari ndani mapema, na upulize rangi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Jioni usipulize chini ya taa: wadudu wa ziwani huifuata taa kwa mawingu, na vanishi mbichi haiwaachii.

SWALI: Mwanangu yuko kwenye kozi kama hiyo ya kutengeneza magari, wiki hizi anapuliza rangi. Anarudi anakohoa, anasema barakoa ya kitambaa inamtosha. Ni kweli? (Mama, Nyegezi)

JIBU: Shikamoo mama. Si kweli, na tunaomba umzuie kupuliza mpaka apate kinga inayofaa. Hadina ya vanishi ya kisasa ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Kitambaa hakizizuii, na pua haiwezi kukuonya kwa wakati. Zinaweza kuleta pumu, na mtu akishaathirika, kiasi kidogo mno kinatosha kumbana kifua tena. Kinga bora ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Ile ya vichujio vya mkaa ni ya chini yake. Inahitaji kukaa barabara usoni na vichujio kubadilishwa kwa wakati. Kikohozi hicho kionwe na daktari sasa, na daktari aambiwe kijana anapuliza rangi. Chuo kinachompa mwanafunzi bunduki ya rangi bila kinga hiyo kinastahili kuulizwa na mzazi ana kwa ana.

SWALI: Nimefanya bodi miaka kumi, sina cheti. Lazima nianze kozi upya? (Fundi, Sengerema)

JIBU: Hapana. Nenda chuo cha ufundi cha VETA Mwanza uulizie urasimishaji ujuzi: unapimwa kazi unayoijua, unafundishwa palipopungua, unapewa cheti. Chuo kingine chochote kikikuahidi cheti, hakikisha kwanza usajili wake NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi.

SWALI: Huku kisiwani mtandao unakatika. Nitafanyaje mazoezi kati ya somo na somo? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Chagua kozi inayoruhusu kupakua video, uzipakue ukiwa Nansio au ukivuka kuja mjini. Mazoezi hayahitaji mtandao. Tafuta madigadi lililotupwa, nyundo ya bodi na doli moja (kipande cha chuma kizito kinachoshikwa mkononi nyuma ya bati). Bonyeza bati kwa makusudi, kisha weka doli chini ya sehemu iliyozama huku nyundo ikipiga ukingo ulioinuka kando yake. Wanaoanza hupiga nyundo juu ya doli tangu mwanzo. Bati linatanuka, na mwisho linadunda ndani na nje ukilisukuma kwa kidole. Likifika hapo puti halitalishika. Tafuta madigadi jingine, anza upya kwa mapigo mepesi, na upitishe kiganja chenye kitambaa chembamba kila baada ya mapigo machache. Vidole vitaanza kuhisi bonyeo la nusu milimita ambalo jicho halilioni.