Mkuu, weka hilo bomba la sindano chini. Kepu kwanza!

Mleta uzi, kama hujaanza, usianze. Na kama umeshasukuma chochote humo ndani, usiiwashe hiyo printa mpaka umalize kusoma hapa.

Wengine mnaopita: jamaa ana printa ya picha ya wino wa pigimenti iliyokaa miezi bila kazi. Kipimo cha nozeli (vile vitundu vya kutolea wino) kinatoka na mapengo. Ameshapiga usafishaji mkali mara kadhaa, na kwa maneno yake mwenyewe "kila nikisafisha inazidi kuwa mbaya". Sasa usiku huu anataka kuingiza dawa ya kusafishia vioo kwenye kichwa (kile kinachorusha wino) kwa bomba la sindano, kwa sababu kaona video. Halafu kaulizia karatasi ya pamba na ya barita (ile iliyopakwa bariamu salfeti, inang'aa kidogo), ipi nzuri kwa picha za watu za kuuza. Nitafika huko.

Mkuu, rudia kusoma sentensi yako. Kila ukisafisha inazidi kuwa mbaya. Wino uliokauka haukauki zaidi kwa kusafishwa. Ungekuwa ni wino mkavu tu, usafishaji ungekusaidia kidogo au usingekusaidia kabisa, basi. Ukiona mistari iliyokuwepo asubuhi imepotea jioni baada ya kusafisha, maana yake kuna kitu kinaingia kwenye kichwa ambacho hakikuwemo. Kitu hicho ni hewa, na mara nyingi mlango wake ni kepu.

Kepu ni pale kichwa kinapoegesha, upande mmoja wa printa, kwa nyingi ni kulia. Kuna kisanduku kidogo chenye kingo za mpira na sponji ndani, na chini yake mrija unaokwenda kwenye pampu. Watu wanadhani ukibonyeza "safisha" kichwa kinajikamua chenyewe. Hapana. Kichwa kinakaa juu ya ile kepu, mpira unakibana, halafu pampu inanyonya kutoka chini mpaka wino utoke kwenye katriji, upite kwenye nozeli, uishie kwenye tangi la wino taka. Sasa kingo za mpira zikiwa na gamba la wino, au unyoya mmoja wa karatasi umelala pale juu, pampu haivuti wino tena. Inavuta hewa ya pembeni. Ni kunywa juisi kwa mrija uliotoboka: unavuta mpaka mashavu yanauma na glasi iko vilevile.

Ubaya hauishii hapo. Kepu hiyohiyo ndiyo inayofunika kichwa printa ikiwa imelala. Isipobana, kichwa kinakauka polepole. Na hewa ikishaingia, kwenye kichwa cha piezo, yaani kinachosukuma wino kwa kifuwele kinachopinda kikipata umeme (Epson wote ni hao), nozeli inanyamaza hata kama ni safi kabisa, kwa sababu kifuwele kinapopinda kusukuma tone, kinachobanwa ni povu la hewa na wino hautoki. Wewe unaona pengo, unasema "imeziba", unapiga usafishaji mwingine, unaingiza hewa nyingine. Na kila mzunguko wa ule usafishaji mkali unakunywa wino kama mtu aliyealikwa bure.

Najuaje? Nililipa ada.

Yangu ilianza hivyohivyo, mapengo machache kwenye sayani, ile buluu. Nikasafisha. Yakaongezeka. Nikapiga usafishaji mkali, sayani ikarudi, njano ikaondoka. Nikapiga tena. Mwishowe printa ikakataa kusafisha kwa sababu wino ulikuwa umeshuka mno, na mimi kwa akili zangu timamu nikaenda kununua seti nzima ya katriji mpya ili nipate ruhusa ya kuimwaga. Ndiyo, nilinunua wino wa kumwaga. Kazi ya gharama kubwa kuliko zote niliyowahi kutoa kwenye ile printa imo ndani ya tangi la wino taka, na sijapata mteja.

Hapo ndipo nikakutana na yule bwana wa video. Glovu nyeupe, muziki mzuri, bomba la sindano, mpira mwembamba unaochomekwa kwenye mdomo wa kichwa pale katriji inapokaa, dawa ya vioo ya buluu. Anasukuma. Rangi inatoka chini kwenye tishu. Anainua ile tishu kwenye kamera kama kashika kombe. Mwisho wa video. Hakuchapa hata kipimo kimoja cha nozeli! Wakuu, rangi kwenye tishu si ushahidi kwamba nozeli zimezibuka. Ni ushahidi kwamba humo kulikuwa na wino. Watu kibao wameandika "asante, umeniokoa" pale chini, na mimi nashangaa ni wangapi kati yao walirudi kuwasha printa kabla ya kuandika.

Nikasukuma. Mwanzo ilikuwa ngumu, nikaongeza nguvu, ghafla ikawa laini. Nikafurahi, nikadhani imezibuka. Kumbe kilichoachia ni kuta za ndani. Vijia vya wino mle ni vyembamba kuliko unywele, vimetenganishwa na tabaka nyembamba zilizogundishwa, na kidole gumba kwenye bomba la sindano kina nguvu kuliko gundi hiyo. Baada ya pale njano yangu ikawa inatoka kijani, maana rangi mbili zilikuwa zinaongea mahali zisipotakiwa kuongea. Hiyo haisafishwi. Hiyo ni kichwa kipya.

Na dawa yenyewe. Wino wa pigimenti ni chembe ngumu zinazoelea kwenye maji, zimefunikwa na utomvu wa plastiki unaozisaidia zisigandane na zishike karatasi. Ukichanganya na spiriti kali au kemikali usizozijua, unaweza kuzifanya zigande palepale ndani, kwa hiyo unatengeneza kizibo ambacho hakikuwepo. Asetoni ndiyo usiitaje kabisa, inakula gundi na plastiki. Maji ya moto pia waachie wapishi.

Tatu, na hii ndiyo iliyonimaliza: umajimaji ulifurika juu, ukateremka pembeni mwa kichwa mpaka kwenye utepe bapa wa nyaya unaopeleka umeme kwenye kichwa. Sikuuona. Nikafunga, nikawasha ili nifurahie matunda ya kazi yangu. Kikasikika kitu kidogo tu, harufu ikaja, taa zikawaka zote, na kwaheri. Shoti ya pale haiishii kwenye kichwa, inaweza kurudi mpaka kwenye bodi kuu.

Nikampelekea fundi. Akafungua, akatikisa kichwa, akaniandikia kichwa na bodi, jumla inazidi bei ya printa yenyewe. Hela ya kuangalia akachukua. Nikamuuliza chanzo ni nini, akasema "hizi printa ndivyo zilivyo". Shukrani, profesa. Nilikuja kuibomoa mwenyewe nyumbani ili nichukue vipuri, na nilipofika kwenye kepu nikakuta ukingo wa mpira umezungukwa na gamba jeusi, na juu ya gamba manyoya ya pamba yamejipanga kama sufi. Hakuna kingine. Wala yule wa video wala yule wa bisibisi hakuna aliyetaja kepu hata kwa bahati mbaya. Printa iliyofuata ilipoleta dalili zilezile, nilifuta kepu, nikapiga usafishaji mmoja wa kawaida, nikalala. Asubuhi kipimo kilikuwa kamili. Nilikasirika siku nzima.

Kwa hiyo sheria yangu, na sitaki mjadala: KEPU KWANZA. Hugusi kichwa, hupigi usafishaji, hununui katriji, humpigii fundi, mpaka umeiona kepu kwa macho yako ikiwa safi na ikiwa inanyonya.

Unafanyaje? Kwanza kichwa kitoke maegeshoni. Printa nyingi ukianzisha kazi ya kuchapa na kuchomoa waya wakati kichwa kimeshaondoka pale, unaweza kukisogeza kwa mkono, polepole, bila kulazimisha. Kepu itakuwa wazi. Chukua kijiti chenye kichwa cha sponji, si vile vya pamba vya masikio, maana utaongeza manyoya juu ya manyoya. Kilowanishe kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yale yasiyo na chumvichumvi. Wengine huyaita maji ya betri. Angalia chupa vizuri usije ukarudi na asidi, nimemaliza nafasi zangu za kuzika printa. Futa ukingo wa mpira mzunguko mzima mpaka kijiti kitoke kisafi. Futa na kile kifuto cha mpira kilicho jirani yake, kinachopangusa kichwa kikipita. Sponji usiivute, usiikwaruze.

Halafu dondoshea maji yaleyale kwenye kepu mpaka ikaribie kujaa, subiri kidogo, unyonye wino mzito kwa kijiti, udondoshee tena. Washa printa, piga usafishaji wa kawaida mmoja. MMOJA. Kisha chungulia kepu tena. Kama maji yamekwenda, pampu inavuta. Kama maji yapo vilevile, pampu haivuti au mrija wake umeziba, na ungeweza kusafisha mpaka mwakani usipate kitu.

Ikishavuta, iache usiku kucha kichwa kikiwa kimefunikwa. Usiku huo unafanya kazi kuliko wewe: wino mkavu unalainika na mapovu yanapata muda wa kupanda. Asubuhi chapa kipimo kabla ya kitu chochote. Bado kuna mapengo? Yasome. Yakikaa palepale kila kipimo, huo ni wino mkavu, na hapo unaloweka kichwa kwa maji maalumu ya kusafishia wino wa pigimenti, unaloweka tu, husukumi. Yakihamahama, ni hewa, ipe muda. Rangi nzima ikiwa haipo, rudi kwenye kepu, halafu katriji.

(Wenye printa za kichwa cha joto, kinachorusha wino kwa kuupasha moto, mna nafuu yenu. Canon imagePROGRAF PRO-1000, kwa mfano, kichwa unakibadilisha mwenyewe. Lakini nazo zina kepu, kwa hiyo msijidai.)

Na tafadhali zima printa kwa kitufe chake, usikate kwenye ekstensheni. Kitufe kinakipa kichwa nafasi ya kwenda kujifunika. Ekstensheni inakiacha uchi katikati ya njia. Kila wiki chapa kitu chenye rangi zote. Chumba kikiwa kikavu sana, chini ya asilimia 40 ya unyevu, ujue unatafuta ugomvi.

Karatasi. Umeuliza pamba au barita kana kwamba ni swali jingine, kumbe ni lilelile. Yale manyoya kwenye kepu yangu yalitoka wapi unadhani? Karatasi za pamba asilimia 100, kama Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308, ni nzuri mno kwa ngozi ya mtu, laini, hazimeremeti, lakini zinadondosha nyuzi, hasa ukikata mwenyewe. Unyuzi ukitua kwenye kifuto au kepu, tumerudi mwanzo wa uzi. Pitisha brashi laini kwenye kila karatasi kabla ya kuilisha, upande unaochapwa na kingo zote. Utaepuka pia vile vidoa vyeupe vinavyotokea unyuzi unapobanduka na wino wake. Karatasi nene iliyojikunja kona irudishe bapa kwanza na uongeze nafasi chini ya kichwa kwenye mipangilio, la sivyo kona itakikwaruza kichwa.

Barita haina balaa la nyuzi kiasi hicho, na nyeusi yake ni nzito zaidi. Kumbuka barita inataka wino mweusi wa foto na pamba isiyong'aa inataka mweusi wa mati. Printa kama Epson SureColor P800 nyeusi hizo mbili zinapita njia moja, kila ukibadilisha unamwaga wino. P900 kila moja ina nozeli zake. Kwa picha za kuuza tafuta karatasi isiyo na ving'arishi, zile kemikali za kuongeza weupe, maana vinachoka na weupe unageuka. Mimi ningekuchagulia barita. Lakini kwa hali ya printa yako leo, hata karatasi ya daftari ni anasa.

Fanya ya kepu usiku huu, asubuhi chapa vipimo viwili mfululizo, vipige picha, uviweke hapa tuone mapengo yanahama au yamekaa. Ukikuta maji bado yapo kwenye kepu usiguse kitu kingine, andika tu "hayajashuka", nitakuelekeza namna ya kuufikia ule mrija.