Mtoto ndiye anaanza shule, mbona nalia mimi?

Mama mwenzangu, umeuliza kama ni kawaida kulia getini siku ya kwanza ilhali mtoto mwenyewe kaingia darasani bila hata kugeuka. Ni kawaida kabisa. Wangu wa kwanza alinipungia mkono kama anayenifukuza. Nikarudi nyumbani, nikakuta kiatu chake kidogo kimoja chini ya kiti, basi machozi upya.

Lakini subiri jioni, utamu uko huko. Nilikuwa nikimuuliza "umejifunza nini leo?" ananijibu "hakuna". Nikabadili swali: "nani kakuchekesha leo?" Weee! Anasimulia mpaka usingizi unamchukua katikati ya maneno.

Akirudi na hasira au akalia bila sababu, usishtuke; kajizuia mchana kutwa, kwako ndiko anakopata pa kupumulia. Na akigeuza herufi kinyumenyume wala usimkaripie, wengi hufanya hivyo hadi kwenye miaka 7. Wangu aliniandika ukutani kwa kalamu ya wino, herufi kubwa kabisa: AMAM. Mpaka leo sijaifuta.